Kioo Katika Nyungu ya Bukari

Bwana yangu alipoanza kuokota mavi ya mbuzi barabarani, mi niliacha kutembea naye.

Tuliishi Kolwezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, zile zenye ukuta mmoja kati ya jirani na jirani, ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Mahali kama hapo mtu hana siri. Bwana yangu alikuwa fundi wa kioo katika labo ya mgodi. Mirija na chupa za kupimia madini zilipovunjika, yeye ndiye aliyeziunga: anawasha moto wake mdogo mkali, anashika vipande viwili, anavigeuza, anavigeuza, mpaka vinashikana kana kwamba havikuwahi kuachana. Alivaa shati jeupe la pasi. Pasi hiyo nilipiga mimi, na nilijidai nayo, tusidanganyane. Halafu siku moja nikaliona shati lilelile katikati ya njia, limeinama, na mwenyewe anakusanya mavi makavu ndani ya kofia. Tena anayachagua! Mengine anayarudisha chini kama mama anayekataa nyanya zilizooza.

Watoto wa mtaa hawakukawia, wakanipa jina: Mama Mavi. Hata waliponisalimia kwa heshima nilisikia kicheko nyuma ya meno. Nikawa naenda sokoni kwa njia ya nyuma ya kanisa, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

Wakati huo mgodi ulikuwa unakufa. Hakuna aliyetutangazia, tulijua kwa vitu vidogo vidogo. King'ora cha asubuhi kilianza kuchelewa, kisha kikanyamaza kabisa. Lori la unga wa posho lilikosa kuja, likakosa tena, mwishowe watoto wakasahau hata rangi yake. Wazungu wa mwisho waliondoka na mbwa wao. Labo ikafungwa, na bwana yangu akarudi nyumbani na kitu kimoja tu mkononi: ukurasa wa kalenda uliokuwa juu ya meza yake ya kazi miaka yote. Mi nangoja mshahara, yeye ananiletea picha.

Ilikuwa picha ya chupa. Chupa ndogo, urefu wa kiganja, ya buluu nzito, yenye masikio mawili madogo ya kushikia, na mwilini mwake mistari myeupe inayopanda na kushuka kama manyoya ya kanga. Aliniambia watu wa Misri ya kale waliitengeneza zamani sana, kabla mtu yeyote hajajua kupuliza kioo.

"Kama hawakupuliza, walifanyaje?" akauliza.

"Unaniuliza mimi?" nikamjibu. "Uliza kwanza tutakula nini."

Jibu lake lilikuja na mtawa mmoja aliyepita kwenye parokia yetu, mtu wa Kasai, mkuu wa shule ya ufundi huko kwao. Bwana yangu alimwonyesha ile picha baada ya misa, mi nimesimama kando natamani ardhi inimeze, maana watu walikuwa wanamwomba mtawa baraka na dawa, yeye anamwomba habari za Misri. Kumbe mtawa alijua. Akasema: unatengeneza kwanza tumbo la chupa kwa udongo na mchanga na mavi, kwenye ncha ya chuma. Unalikausha. Kisha unalizungushia kioo kilichoyeyuka, uzi juu ya uzi, mpaka udongo wote ufunikwe. Kikishapoa unakwangua udongo utoke, na ndani panabaki nafasi. Hiyo ndiyo chupa.

Kisha akamwekea mkono begani, akasema, "Tata, ukiniletea moja nzima, na masikio yake, nakupa karakana, nyumba ya mwalimu, na batoto yako banasoma kwetu. Wasemaji niko nao wengi. Natafuta mukono."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Nayasema mapema ili ieleweke: ile chupa haikuwa pambo. Ilikuwa nyumba yetu, kazi yake, na shule ya binti zetu wawili.

Hivyo ndivyo mavi yalivyoingia nyumbani kwangu. Alinieleza sababu, nami nilielewa nikiwa nimenuna. Mavi yakiungua yanaacha vitundu ndani ya udongo, udongo unalegea. Usipoyatia, kioo kinaponywea kinakuta udongo mgumu ndani yake, kinapasuka. Akajenga tanuri la matofali uani, kubwa kiasi cha kuku kulala, akapata mivukuto ya ngozi ya mbuzi kwa mfua chuma mmoja. Na nani aliyekuwa anavukuta? Mimi! Nimechuchumaa uani mbele ya macho ya majirani wote, mashavu yananiwaka moto, mke wa mtu wa labo, pu-fu, pu-fu, kama mtumwa wa hadithi.

Kioo alikitoa kwenye madirisha yaliyovunjika ya labo yenyewe. Rangi ya buluu ilitoka kwenye lile jiwe jeusi la kobalti ambalo siku hizi watu wanafia mashimoni kwa ajili yake. Enzi hizo unaliokota tu, unalisaga. Weupe wa mistari ulitoka kwangu. Nilikuwa na vichupa vyeupe vya krimu, nimevipanga dirishani, vitupu lakini vizuri. Nikaamka siku moja, dirisha liko wazi kama fizi ya kikongwe.

"Bichupa yangu iko wapi?"

"Iko hapa," akasema, akanionyesha uzi mweupe unaozunguka mwili wa buluu, bado mwekundu kwa moto. Akachukua waya wa gurudumu la baiskeli, akauvuta juu, akauvuta chini, na ule uzi ukainama ukawa manyoya. Nilitaka kumtukana. Nilibaki nimeshika mivukuto, mdomo wazi.

Tatizo lilikuwa kupoa. Kila chupa ilitoka nzuri, na kila chupa ilipasuka. Unakaa umeketi, unachambua sombe, yale majani ya muhogo, unasikia kutoka kwenye majivu: tii! Sauti ndogo, kama mtu kuuma punje ya mahindi. Niliijua ile sauti kuliko kengele ya kanisa. Akagundua kwamba kioo hakipendi haraka. Ni lazima kilale ndani ya majivu ya moto, kipoe pole, pole sana, muda wote kilishwe makaa. Vyungu vya udongo vilipoa upesi mno. Kilichohitajika ni chuma kinene.

Nyumbani kilibaki chuma kinene kimoja tu. Sufuria zote nyepesi tulikuwa tumekwisha kuziuza, moja baada ya nyingine, tukala bei yake. Ilibaki nyungu ya mama yangu, ya chuma, nzito na kifuniko chake, ile ninayopikia bukari, ugali wetu.

"Hapana," nikasema.

"Mama, ni mara moja tu."

"Na bukari nitapikia mu kofia yako? Ile ya mavi?"

Alicheka. Mi sikucheka. Lakini nilimpa.

Wakati huo maneno ya mjini yalikuwa yamebadilika. Walikuwa wanasema kwamba sisi wenye asili ya Kasai tumekula kazi zote, tumekula mgodi, ndiyo maana umekufa. Walituita bilulu, wadudu. Babu yangu aliletwa na gari la moshi kuja kuchimba shaba, mi nilizaliwa hospitali ya mgodi, Kasai sijaiona hata ndotoni, na sasa naambiwa nirudi kwetu. Tuliwatanguliza binti zetu na mama yangu kwa treni iliyoondoka mapema. Sisi tulibaki. Majirani walidhani tunalinda nyumba. Tulikuwa tunangoja chupa.

Ile iliyo nzuri kupita zote ilitoka motoni asubuhi moja ya baridi, msimu wa kiangazi, wakati moshi unalala chini na pumzi inaonekana. Hata mi niliijua. Shingo imenyooka, masikio mawili sawasawa, manyoya meupe yanazunguka bila kukatika. Akaizika ndani ya nyungu yangu, katikati ya majivu ya moto, udongo wake ungali tumboni, akafunika, akaweka makaa juu ya kifuniko. Tulikuwa hatujanawa mikono wakati vijana walipofika.

Wengine kati yao niliwafundisha katekisimu. Walisimama mlangoni na fimbo, hawakunitazama usoni.

"Mutoke. Murudi kwenu."

"Kwetu ni wapi?" nikawauliza. "Weye, nani alikuonyesha ishara ya musalaba? Haiko miye?"

Yule kijana akaangalia viatu vyake. Lakini hakuondoka mlangoni. Tukabeba godoro, gunia la unga, na nyungu. Bwana yangu aliikumbatia ile nyungu ndani ya blanketi, makaa juu, akatoka nayo njiani. Huko kwetu mwanaume habebi nyungu ya chakula mbele ya watu. Abebe gogo, abebe mgonjwa, abebe jeneza, sawa, nyungu, hapana. Majirani waliokuwa wametoka kutuangalia, hata wale waliokuwa wanatulilia, wakaanza kuguna. Mmoja akasema, "Hata siku ya kufukuzwa, tumbo kwanza!" Kicheko kikapita mlango hadi mlango.

Sikuweza kuvumilia. Nikamnyang'anya, nikaitwika kichwani juu ya kata, yeye akachukua godoro na unga. Joto lilipenya kata likanichoma utosi mpaka stesheni. Kuanzia hapo, machoni pa watu, nyungu ikawa yangu.

Stesheni ilikuwa imejaa watu kuliko siku ya sikukuu. Walilala kwenye jukwaa, kwenye mabehewa mabovu, chini ya mikaratusi, juu ya reli zenyewe. Treni ilikuwa inakuja, haiji, inakuja. Watu walikuwa wamekaa hapo majuma. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wakavu katika soko letu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita hata bahili, alituona tunasitasita. Alikuwa na wajukuu wake wadogo, nywele zao zimeanza kugeuka nyekundu kwa njaa. Akajisogeza.

"Mukuye hapa, bandugu," akasema. "Baridi ni ya bote."

Tukatandika godoro kando yake. Nyungu tukaiweka katikati yetu, na bwana yangu akaninong'oneza nisimwambie mtu kilichomo. Watataka kuona, akasema. Wakifungua, hewa baridi inaingia, basi. Na kama vijana wa fimbo wakisikia kuna kitu cha thamani, wataichukua. Lakini hata asingenikataza nisingesema. Ningesema nini? Kwamba tumefukuzwa kama mbwa na kitu tulichookoa ni majivu? Mtu anayehama na majivu ya jiko lake, kwetu, watu wanamfikiria bulozi, uchawi.

Kilichofuata ndicho kinachonichoma mpaka leo. Unga tulikuwa nao. Nyungu tulikuwa nayo. Njaa ilikuwa inatuua. Tusingeweza kupika bukari ndani ya nyungu yenye kioo, na tusingeweza kuazima nyungu ya mtu huku yetu imekaa katikati ya miguu yetu, imefunikwa, ya moto. Nani angeelewa? Tulitafuna mihogo mikavu tukiwa tumegeuza migongo, kama wezi. Na kila mara bwana yangu alisimama, akazunguka kwenye mioto ya wenzetu na kipande cha bati mkononi, akaomba makaa. Hakuomba chakula, aliomba makaa tu. Anarudi anayapanga juu ya kifuniko, anainama, anasikiliza.

Mama wa samaki alimpa makaa mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili alimpa akiangalia nyungu. Baadaye alimpa bila kusema neno, na nikaona ameanza kuwageuza wajukuu wake waangalie upande mwingine.

"Tata," nikamwambia bwana yangu, "tuifungue. Banatuangaria."

"Bado. Kesho, pengine. Baridi hii itaiua."

"Itaiua? Na sisi?"

"Mama, ni nyumba yetu hii." Akaweka kiganja kando ya chuma kama unavyopima homa ya mtoto. Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ulinikasirisha zaidi.

Ilikuwa saa za mchana, watu wanapika. Mjukuu mdogo kuliko wote wa mama wa samaki alitambaa mpaka kwetu, akakaa mbele ya nyungu, akaishika kwa vidole viwili, akavitoa haraka kwa joto. Kisha akanitazama. Hakulia. Alifungua tu mdomo, kama kifaranga, akangoja.

Mi niliangalia pembeni.

Hapo ndipo bibi yake alipolipuka. Alisimama, akapiga makofi mara moja, na ile sauti ya sokoni ikafika mwisho wa jukwaa.

"Mama, mu ile nyungu munapika nini? Tangu mulifika, inaiva tu! Makaa yetu munakamata, batoto yetu banalala na njaa, na weye unafunika! Unakula saa gani? Wakati tunalala? Kula kwa kufichama njo bulozi!"

Watu wakageuka, na wengine wakaanza kuja. Nikasikia "roho mubaya", nikasikia "njo vile balikula hata mugodi", neno lilelile la vijana wa fimbo, sasa linatoka vinywani mwa watu wetu wenyewe. Uso wangu uliwaka. Mama yangu alinilea nikijua kwamba mtu anaweza kukosa kila kitu, isipokuwa kukosa cha kumgawia mgeni. Na sasa nimekaa mbele ya mtoto mwenye nywele nyekundu, nimefunika nyungu kwa magoti yangu. Niliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Natamani ningekuwa nimesimama, ningekuwa nimejibu. Sikuweza.

Bwana yangu alikuwa anarudi na makaa yake juu ya bati. Alisimama nyuma ya watu. Sijui alisikia kiasi gani. Niliona viatu vyake tu, kwa sababu nilikuwa siangalii juu ya hapo. Akaweka bati chini polepole, akapita katikati ya watu, "Pardon, mama, pardon," na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayetafuta nafasi kanisani.

Akainama. Akaondoa makaa juu ya kifuniko kwa kijiti. Nikamshika suruali.

"Tata, hapana. Wacha baseme."

Akafungua kifuniko. Kisha akaishika nyungu kwa blanketi, akaiinamisha, akaimwaga yote mchangani.

Majivu yalipanda yakafunika watu. Wakakohoa, wakarudi nyuma, wengine wakajifuta macho. Na mi, unisikilize vizuri, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni mwangu kilikuwa furaha. Waone! Waone hatuna chakula! Nyumba yetu ilikuwa inapoa pale mchangani, na mi nilifurahi kwa sababu jina langu limesafishwa mbele ya muuza samaki.

"Munaona?" akasema bwana yangu. "Bibi yangu hafiche chakula. Njo mimi nilimukataza nyungu. Unga iko mu gunia, haijapikwa."

Akapapasa majivu kwa kijiti, akaitoa.

Ilikuwa nzima, na udongo wake tumboni. Akaifuta kwa pindo la shati, na buluu ikatoka. Sijawahi kuona buluu ile tena popote. Juu yake yale manyoya meupe ya vichupa vyangu, na masikio mawili, yote mawili. Watu waliokuwa wananitukana wakasema kwa pamoja, "Eee!" Mzee mmoja akavua kofia. Bado ilikuwa ya moto, kwa hiyo ikapita mkono hadi mkono juu ya kitambaa, na kila aliyeipokea aliteremsha sauti. Ilipomfikia mama wa samaki, aliishika kama unavyoshika kifaranga, mikono yake mipana yenye harufu ya kazi imeifunika yote. Alikuwa anaigeuza ili mjukuu wake aone.

Tii.

Tako la chupa likaanguka kwenye kitambaa, na udongo ukamwagika nje, mkavu, mwepesi. Kisha mstari ukapanda mwilini mpaka shingoni, na chupa ikafunguka vipande viwili mikononi mwake.

Alipiga ukelele. "Mawee! Haiko miye! Tata, haiko miye, sikufinya!"

Alijikunyata, mwanamke yule aliyekuwa anaweza kuwanyamazisha wachuuzi wa soko zima. Wote wakamtazama yeye sasa. Haya iliyokuwa juu yangu ikahamia kwake pale pale, niliiona inavyohama. Na mi nilikuwa tayari kuiacha huko, nasema kweli. Akae nayo kidogo, naye aonje.

"Haiko weye, mama," bwana yangu akasema upesi. "Ni baridi. Ingepasuka hata mu mukono yangu. Haikukomea, haikuiva mu moto, mi najua." Akachukua vipande kutoka mikononi mwake, akavizungushia kitambaa, akavitia mfukoni. Kisha akamwambia, "Utupatie maji kiloko, kidogo tu, tusafishe nyungu."

Yeye, ambaye hakuwahi kuomba mtu kitu isipokuwa makaa.

Hakufika kamwe kwenye ile shule. Tulipofika Kasai nilimbembeleza, nikamwambia mtawa anakujua, nenda na vipande, mweleze. Akasema hakuahidiwa kitu kwa maelezo. Nyingine hakutengeneza: jiwe la buluu na tanuri vilibaki Kolwezi. Binti zetu walisoma walichosoma, na yeye alisukuma baiskeli za mizigo ya mahindi sokoni, ugenini katika nchi iliyoitwa kwao, mpaka magoti yakakataa. Mikono ile! Watu walimwita aje kubeba, na alikwenda. Sikuwahi kumsikia akilaumu siku ile. Mi nililaumu kwa niaba yake, kila siku, nikimlaumu muuza samaki, nikiwalaumu wale vijana, nikiilaumu baridi, na nikimaliza wote nilibaki na yule mwanamke aliyekaa na kidevu kifuani mpaka mume wake akaona hana njia nyingine ya kumwinua. Huyo sijamaliza naye.

Lakini mchana ule pale stesheni kulikuwa na kazi. Niliosha nyungu kwa maji aliyotupa na mchanga, mara nyingi, na bado bukari ilitoka na rangi ya kijivu na chengachenga za majivu kati ya meno. Niliupika unga wote. Bwana yangu alisema tuache nusu ya njiani, nikamwambia akae chini. Mtoto mwenye nywele nyekundu nilimpa wa kwanza, kisha wenzake, kisha watu wa jirani, wakaja bila kelele, wakanawa, wakamega. Hakuna aliyeniangalia machoni, na mi sikumwangalia mtu.

Mama wa samaki hakuja. Alikuwa amekaa ametupa mgongo, kitenge amejifunika mpaka kichwani kama aliyefiwa. Nilimwita, "Mama, kuya tukule." Hakugeuka. Nikamega tonge kubwa, nikaliweka kwenye kifuniko, nikaenda nikakaa mbele yake, magoti yetu yanagusana.

"Mi nilisema uko mulozi," akasema ndani ya kitenge.

"Nilisikia."

"Na kile kitu ya bwana yako." Akafunua uso. Macho yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa majivu. "Uniambie kweli, mama. Kilikuwa cha kazi gani? Nimeharibu nini?"

Nikamtazama. Nyuma yake mjukuu alikuwa analamba vidole. Nyuma yangu bwana yangu alikuwa anakula polepole, mkono wa kushoto mfukoni, pale vipande vilipokuwa.

"Kilikuwa cha bure, mama," nikasema. "Cha kuchezea tu. Weye kula."

Akaniamini. Akanyoosha mkono, akala.